Deni la SOMINKI: kampuni ikibadili jina, nani analipa?

Ndugu wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, nanyi jamaa mliokimbia vita: huku kwetu neno «dekonti finali» linajulikana hata na watoto. Ni hesabu ya mwisho ya mtu aliyeondolewa kazini: mishahara iliyobaki, likizo ambayo hakuichukua, na malipo ya preavi. Wazee wa SOMINKI wameidai miaka na miaka.

SOMINKI ilizaliwa 1976, kampuni kadhaa za madini za Kivu na Maniema zilipounganishwa. Kalima na Kampene walichimba kasiteriti. Namoya, hapa Kabambare, dhahabu. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani, na kampuni haikupata nguvu tena. Ikaja vita ya 1996. Banro ya Kanada ikanunua hisa, na 1997 SAKIMA ikachukua mahali pa SOMINKI. Julai 1998 Rais Laurent-Désiré Kabila akaivunja SAKIMA, akaunda SOMICO. Banro ikashitaki Serikali, na 2002 wakapatana: dhahabu, Namoya ikiwemo, ikarudi kwa Banro, bati likabaki kwa SAKIMA ya Serikali.

Kila mara migodi ilipata mwenyewe. Hesabu ya mchimbaji ndiyo iliyokosa mwenyewe, na mimi naona hapo ndipo wazee walipodhulumiwa.

Mwaka huohuo, tarehe 16 Oktoba, ikatoka Sheria ya Kazi mpya. Inasema kampuni ikiuzwa au ikiunganishwa, mwajiri mpya anapokea mikataba ya wafanyakazi pamoja na mizigo yake. Anayeondoa mtu asiye na kosa ampe preavi isiyopungua siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka aliotumika. Mwenye miaka 20 ana siku 154. Akikatazwa kuzitumika, alipwe.

Septemba 2019 Banro ikasimamisha kazi Namoya kwa sababu ya usalama, na vijana wakaanza kuuliza swali la baba zao.

Wengi watasema: karatasi zangu ziliungua kijijini. Sheria hiyohiyo inamruhusu mfanyakazi asiye na mkataba wa maandishi kuthibitisha kazi yake kwa njia nyingine, hata kwa ushahidi wa wenzake. Basi mama, kama mzee yuko kambini pamoja na mwenzake wa timu moja, waende wote wawili kwa inspekta wa kazi.