Vunjajungu: Namna ya kuwalea wachanga hadi waote mabawa

Kulea vunjajungu wachanga hakuhitaji fedha nyingi, bali subira. Hatari kubwa inayowakabili si njaa. Ni saa ya kujivua gamba, ambapo ukosefu wa nafasi, unyevu au utulivu huweza kuwaua.

Vunjajungu ni mdudu mwindaji ambaye hukunja miguu yake ya mbele kifuani mfano wa mtu anayesali. Jina lake la Kiswahili linahusishwa na imani ya kale kwamba anayemgusa atavunja chombo atakachokishika baadaye. Kwa hakika mdudu huyu hana sumu. Wanaoanza ufugaji hupendelea vunjajungu wakubwa wa jenasi ya Sphodromantis, wanaopatikana katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara.

Kuanguliwa

Jike hutaga mayai ndani ya povu ambalo hukauka na kuwa kifuko kigumu kilichoshikamana na kijiti au ukuta. Baada ya majuma kadhaa, kutegemea joto, tunutu hutoka kwa pamoja, na katika jenasi hii wanaweza kuzidi 100. Tofauti na kipepeo, hawapitii hatua ya kiwavi. Huzaliwa wakiwa na umbo la wazazi wao, ila hawana mabawa.

Siku za mwanzo wanaweza kukaa pamoja iwapo chakula ni tele. Baadaye kila mmoja atengewe chombo chake, kwani hulana wenyewe kwa wenyewe.

Chakula na maji

Vunjajungu hushambulia mawindo yaliyo hai na yanayotembea. Tunutu walioanguliwa karibuni hulishwa nzi wadogo wa matunda, ambao huvutwa kwa kipande cha ndizi iliyoiva sana kikiwekwa ndani ya chupa. Vidukari wa kwenye majani pia hufaa. Kadiri tunutu wanavyokua, wapewe nzi wa nyumbani na panzi wadogo. Windo lisizidi nusu ya urefu wa mwili wa mlaji, wala lisitoke katika shamba lililopuliziwa dawa. Sisimizi wazuiwe kabisa, kwa kuwa huweza kuwashambulia tunutu.

Maji hunyunyizwa kwa matone madogo kwenye kuta za chombo, nao huyanywa hapo.

Kujivua gamba

Tunutu hujivua gamba takriban mara sita hadi tisa, kutegemea spishi na jinsia. Dalili ya kwanza ni kukataa chakula. Kisha huning'inia kichwa chini na kujichomoa polepole kutoka katika gamba la zamani. Akianguka wakati huo, mwili wake ungali laini, na anaweza kupinda vibaya au kufa.

Kwa sababu hiyo, kimo cha chombo kiwe angalau mara tatu ya urefu wa mdudu, na upana mara mbili. Juu pafunikwe kwa shashi au kipande cha chandarua, ili apate hewa na pa kushikilia. Hewa ikiwa kavu mno, gamba hunata mwilini. Unyevu ukizidi, ukungu huota. Anapokataa kula, mawindo yaondolewe, chombo kisitikiswe, na mdudu asiguswe hadi siku moja ipite baada ya kujivua. Mguu wa kutembelea uliokatika unaweza kuota tena katika awamu zinazofuata. Mabawa yaliyopinda katika awamu ya mwisho hayanyooki tena.

Kuwaachia

Tunutu wa ziada warudishwe pale kifuko kilipookotwa, si penginepo. Vunjajungu wa China, aliyeingia Marekani karibu na Philadelphia mwaka 1896, ameenea katika maeneo mengi ya nchi hiyo, naye hula hata nyuki na vipepeo. Mwindaji asiye mwenyeji hachagui kati ya mdudu mharibifu na yule mwenye manufaa kwa mkulima.