Mti wa Shimba Hills na Dawa ya Saratani ya Ovari

Katika vichaka vya nyanda za kati za Tanzania humea mti mdogo wa miiba, ambao wataalamu wa mimea waliuita Maytenus senegalensis na siku hizi huuita Gymnosporia senegalensis. Waganga wa sehemu nyingi za nchi huchimba mizizi yake kwa maradhi mbalimbali. Makala haya hayahusu mti huo hasa, bali jamaa zake wawili, mmoja wa Ethiopia na mmoja wa pwani ya Kenya, ambao wameingia katika historia ya tiba ya saratani. Habari hiyo yafaa kujulikana hapa Dodoma pia, kwa kuwa yaonyesha jinsi mali ya msitu wa Afrika iwezavyo kusafiri mbali hata asili yake ikasahauliwa.

Mwaka 1961 wakusanyaji wa mimea kutoka Marekani walichukua vipande vya Maytenus huko Ethiopia. Wakati huo Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa ikipima maelfu ya mimea ya dunia ili kutafuta dawa. Mwaka 1972 S. Morris Kupchan, wa Chuo Kikuu cha Virginia, pamoja na wenzake walitangaza kwamba wameipata ndani ya mti huo sumu kali waliyoiita maitansini. Sumu hii huvunja nyuzi ndogo ambazo seli huzitumia igawanyikapo. Nayo seli isiyoweza kugawanyika hufa.

Tatizo lilikuwa uchache wake, maana mti ulitoa kiasi kidogo mno. Ikatafutwa aina nyingine, ikaonekana kwamba Maytenus buchananii wa Kenya una sumu nyingi zaidi. Hivyo katika miaka ya 1970 yapata tani 27 za mti huo zilivunwa katika hifadhi ya Shimba Hills, wilaya ya Kwale, zikapelekwa Marekani. Imeandikwa kwamba mavuno hayo yaliimaliza miti yote mipevu ya aina hiyo katika eneo lile. Tani zote hizo hazikuweza kutoa ila gramu za kuhesabika kwa makumi.

Na matokeo yalikuwaje? Wagonjwa wa Marekani walianza kujaribiwa katikati ya miaka ya 1970. Walitapika, wakaharisha, wakapata udhaifu wa mishipa ya fahamu. Na uvimbe uliopungua ulikuwa haba. Ilipoanza miaka ya 1980 dawa ile ilikuwa imekwisha kuachwa. Hapo msitu ulikuwa umekatwa, na mgonjwa hakupona.

Hata hivyo mambo mawili yaliifufua. La kwanza, mwaka 1977 wataalamu wa Japani walitangaza kwamba bakteria mmoja hutengeneza sumu za jamii ile ile. Tangu hapo hapakuwa na haja ya kukata mti, kwani bakteria hukuzwa katika mapipa. La pili ni wazo la kuifunga sumu kwenye kingamwili, yaani chembe ya kinga inayotambua alama maalumu juu ya seli. Kampuni ya ImmunoGen ya Marekani ilishika njia hiyo. Sumu haikumwagwa tena mwilini mote, bali ilichukuliwa kama mzigo mpaka mlangoni pa seli yenye alama, ikafunguliwa ndani. Dawa ya kwanza ya namna hii yenye sumu ya jamii ya maitansini, ya saratani ya matiti, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013.

Sasa tuje kwenye saratani ya ovari. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 tiba yake kuu imekuwa dawa zenye madini ya platini. Aghalabu ugonjwa hutulia, kisha hurudi. Hutibiwa tena, hurudi tena, mpaka platini isifae kitu. Kwa wanawake hao ilibuniwa mirvetuximab soravtansine, ambayo hulenga kipokezi cha vitamini ya foleti, kinachopatikana kwa wingi juu ya seli nyingi za saratani hiyo. Jaribio kubwa la kwanza, la wanawake 366, lilishindwa mwaka 2019. Walipochunguza waligundua kwamba njia iliyolegezwa ya kupima kipokezi iliwaingiza wagonjwa waliokuwa na kipokezi kidogo. Jaribio lililofuata liliwachagua wenye kipokezi kingi tu. Walikuwa wanawake 453, kila mmoja amekwisha kupata duru moja hadi tatu za tiba. Mwaka 2023 matokeo yalionyesha kwamba nusu ya waliopewa dawa mpya waliishi zaidi ya miezi 16, na nusu ya waliopewa tibakemikali ya kawaida waliishi karibu miezi 13. Dawa huweza kudhuru macho. Mwaka 2024 ilipewa idhini kamili Marekani, na mwaka huo huo ImmunoGen ikanunuliwa kwa yapata dola bilioni 10.1.

Miezi mitatu na kitu si uponyaji. Lakini kwa mama mwenye watoto si kitu cha kudharauliwa, na yeye ndiye apaswaye kuipima thamani yake.

Je, Kwale inadai nini? Yatupasa kusema kweli: dawa ya leo haitokani na miti ya Shimba, na ustadi wa kuifunga sumu ni kazi ya maabara. Lakini bila mti hakuna ambaye angejua la kutafuta. Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992 uliyapa mataifa haki juu ya viumbe vya nchi zao, na Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikaeleza namna ya kugawana faida. Lakini tani zile zilikuwa zimekwisha kuondoka.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Ugogo alilazimika kushuka mpaka Dar es Salaam, ambako hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ilifanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Sasa Dodoma ina chuo kikuu tangu 2007 na Hospitali ya Benjamin Mkapa tangu 2015. Basi na ifanyike hapa kazi ambayo haikufanyika Kwale: miti ya nyanda hizi iandikwe majina yake ya Kigogo, Kirangi na Kinyaturu, na mahali imeapo, na nani aliyeeleza matumizi yake, kabla mkusanyaji mwingine hajaja na shoka.