Huruma Pekee Haimlindi Mtoto: Historia ya Kinga za Watoto Wanapokamatwa

Kuna usiku ambao wazazi wengi wa miji yetu, kuanzia Lubumbashi hadi Bukavu, Goma na Kisangani, wanaufahamu. Mtoto alitumwa dukani au alikwenda mpirani, jua likatua, hakurudi. Watu wanaulizana jirani kwa jirani. Mwishowe anatokea mmoja anayesema alimwona akipandishwa katika gari la polisi. Tokea saa ile mama anaanza kutembea kutoka kituo hadi kituo, akitaja jina la mwanawe mbele ya kila mlango. Hajui ameshtakiwa kwa kosa gani, wala amelala na nani katika kile chumba tunachokiita kasho.

Katika saa hizo sheria hupimwa. Je, kuna lolote linalosimama kando ya mtoto wakati mama yake hayupo? Vijana wapendwa wa parokia zetu, swali hilo lina historia yake, nasi tumependa kuipitia pamoja nanyi. Itatupeleka Roma, Ubelgiji na Marekani kabla ya kuturudisha kwetu Kongo, kwa sababu kinga tulizo nazo leo zilizaliwa moja baada ya nyingine, mahali mbalimbali, na kila moja ilizaliwa kutokana na kosa fulani la wakubwa.

Nyumba ya wavulana mjini Roma

Kwa karne nyingi mtoto aliyekosa alifungwa pamoja na watu wazima. Aliingia gerezani kwa sababu ya mkate, akatoka akiwa amefundishwa kuvunja nyumba. Mwaka 1703 Papa Klementi XI aliamuru pawe na nyumba ya pekee kwa ajili ya wavulana, katika majengo ya San Michele, kando ya mto Tiber mjini Roma. Msanifu wake alikuwa Carlo Fontana. Usiku kila kijana alilala katika chumba chake, na mchana walifanya kazi pamoja. Ndani yake kuliandikwa kwa Kilatini maneno yenye maana kwamba kumzuia mwovu kwa adhabu ni jambo dogo, usipomfanya awe mwema kwa malezi. Mwingereza John Howard, aliyezunguka Ulaya katika karne ya 18 akikagua magereza, aliyasoma maneno hayo na kuyatangaza.

Hapo tunaiona kinga iliyo ya msingi: mtoto atengwe na wakubwa. Lakini nyumba hiyohiyo ilipokea pia vijana ambao hawakuvunja sheria yoyote. Baba aliyeshindwa na mwanawe aliweza kumpeleka huko ili anyoshwe. Hivyo mtoto alifungwa kwa sababu tu mkubwa wake aliona kwamba kumfunga kutamfaa. Tunaomba mlikumbuke jambo hilo, kwa maana tutakutana nalo tena karibu na kwetu.

Hakimu wa watoto, na mtoto aliyesahauliwa

Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1899, mji wa Chicago ulifungua mahakama ya watoto peke yao. Wazo lake lilikuwa jema: hakimu asiwe kama mwamuzi wa wahalifu, awe kama baba, asiulize hasa mtoto amefanya nini, aulize mtoto anahitaji nini. Wazo hilo lilivuka bahari. Ubelgiji ulilipokea kwa sheria ya tarehe 15 Mei 1912, iliyotetewa na waziri wa sheria Henry Carton de Wiart, mwanasiasa Mkatoliki. Tangu hapo mtoto wa Brussels alikuwa na hakimu wake, na badala ya adhabu alipewa hatua za ulinzi na malezi.

Wakati huo Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji kwa miaka 4 tayari. Je, mtoto wa Kongo alipata hakimu wake mwaka ule? Hakumpata. Alingoja hadi dekrete ya tarehe 6 Desemba 1950, yaani miaka 38. Katika miaka hiyo Élisabethville, Stanleyville na Costermansville zilikua na kuwa miji mikubwa, watu wakahama vijiji vyao, na watoto wakabaki barabarani wazazi wakiwa kazini. Mkoloni alijua dawa, maana aliitumia nyumbani kwake. Hakuona haraka ya kuileta huku.

Hata ilipokuja, dekrete ya 1950 ilikuwa na uzuri na upungufu. Iliruhusu hakimu kumkaripia mtoto, kumrudisha kwa wazazi, kumkabidhi kwa mtu mwaminifu au shirika la huruma, au kumweka katika nyumba ya serikali ya ulinzi na malezi. Huo ndio uzuri wake. Upungufu wake ni kwamba iliweka katika kapu moja mtoto aliyeiba, mtoto aliyeombaomba, mtoto aliyezurura na mtoto mwenye mwenendo mbaya. Wote waliweza kuletwa mbele ya hakimu yuleyule, na wote waliweza kufungiwa, kwa jina la kulindwa.

Kijana wa Arizona

Ili tuone hatari iliyojificha ndani ya huruma ya namna hiyo, turudi Marekani, ambako mahakama ya baba mwema ilianzia. Tarehe 8 Juni 1964, katika jimbo la Arizona, kijana wa miaka 15 jina lake Gerald Gault alikamatwa nyumbani asubuhi. Mama mmoja jirani alikuwa amelalamika kwamba amepigiwa simu yenye maneno machafu. Baba na mama wa Gerald walikuwa kazini. Afisa aliyemchukua hakuacha ujumbe wowote. Mama aliporudi jioni hakumkuta. Akamtuma kaka yake amtafute, ndipo wakasikia kwamba amewekwa kizuizini.

Kesho yake Gerald alisimamishwa mbele ya hakimu. Hati ya mashtaka haikupelekwa kwa wazazi wake, nayo haikutaja tendo lolote alilolifanya. Hakuna aliyeapishwa, hakuna aliyeandika yaliyosemwa, hakuwapo mwanasheria. Mama wa Gerald aliomba mlalamikaji aletwe ili aseme mwenyewe ni nani hasa aliyemwongelesha. Akajibiwa kwamba hapana haja. Tarehe 15 Juni hakimu aliamua kijana apelekwe katika nyumba ya serikali ya kurekebisha vijana hadi atakapofikia miaka 21, yaani kwa miaka 6. Mtu mzima kwa kosa lilelile angalitozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kufungwa miezi isiyozidi 2. Tena sheria ya Arizona haikuruhusu rufaa kwa kesi za watoto.

Kwa nini ukatili huo uliwezekana? Kwa sababu kila mmoja katika chumba kile aliamini kwamba anamsaidia mtoto. Baba hahitaji ushahidi ili amrekebishe mwanawe, basi walifikiri hakimu naye hauhitaji. Mwanasheria Amelia Lewis alikubali kuitetea familia hiyo, na kesi ikapanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 15 Mei 1967, siku ileile ya mwaka ambayo Ubelgiji ulipata sheria yake miaka 55 kabla, Mahakama Kuu iliamua kwamba utoto si sababu ya kumnyima mtu haki. Mtoto na wazazi wake waelezwe mapema mashtaka ni yapi. Apewe mtetezi. Awasikie na kuwauliza maswali wanaomshtaki. Asilazimishwe kusema maneno ya kujitia hatiani.

Nasi tunaosoma Injili tunamkumbuka Nikodemo, aliyewauliza wakuu wenzake kama sheria yao inaruhusu kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Swali lake lilikuwa fupi, na halikuwapendeza. Mahakama ya 1967 ilikuwa inajibu swali lilelile kwa ajili ya kijana wa miaka 15.

Njia ya Kongo

Uamuzi wa Arizona haukuwa sheria kwetu, lakini mataifa yaliendelea kulitafakari swali hilo. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulikubali Kanuni za Beijing, zinazoagiza kwamba mtoto akikamatwa wazazi waarifiwe mara moja. Tarehe 20 Novemba 1989 ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Humo imeandikwa kwamba kumkamata au kumfunga mtoto kuwe hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, naye atengwe na watu wazima na abaki na mawasiliano na jamaa yake. Nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, iliuridhia mwaka 1990.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilifuata. Kifungu cha 41 kinasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Kifungu cha 18, kinachomhusu kila mtu, mdogo na mkubwa, kinaagiza kwamba aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Aweze kuwasiliana mara moja na jamaa yake au mtetezi wake. Na polisi wasimshikilie zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumfikisha mbele ya wakuu wa sheria.

Hatimaye ikaja sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, iliyochukua nafasi ya dekrete ya zamani. Ilianzisha mahakama za watoto. Iliamua kwamba aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa na hatia ya jinai. Kwa mwenye miaka 14 hadi 18 iliweka kinga zilezile ambazo Gerald alizikosa: kudhaniwa hana hatia, kujulishwa mashtaka, kuwa na mzazi au mlezi kando yake, kuwa na mtetezi, kuwa na mkalimani, kunyamaza akitaka. Ilikataza hukumu ya kifo na kifungo cha maisha kwa kosa lililotendwa na mtoto. Shaka ikibaki juu ya umri wake, ahesabiwe kuwa mtoto.

Na kapu lile la 1950 lilivunjwa. Mtoto anayeombaomba, mtoto aliyetupwa barabarani, hata mtoto anayeshtakiwa uchawi na watu wa nyumbani mwake, sheria ya 2009 haiwaiti wakosefu. Inawaita watoto walio katika hali ngumu, wanaostahili ulinzi wa pekee. Anayetenda kosa ni yule anayemsingizia mtoto uchawi, naye ndiye wa kuadhibiwa.

Saa ya kwanza ni yetu

Tusijidanganye. Mahakama za watoto bado ziko mbali na wengi, na vituo vingi vina chumba kimoja tu cha kufungia. Sheria nzuri inaweza kulala ndani ya kabati wakati mtoto amelala sakafuni. Lakini tusiwatupie polisi na mahakimu mzigo wote, kwa maana mara nyingi saa ya kwanza iko mikononi mwetu wenyewe.

Kijana anaposhikwa sokoni na simu isiyo yake, ni sisi tunaomzunguka. Tukianza kumpiga, tumekuwa mahakama isiyomsikiliza mtu. Aliyeibiwa anastahili haki, nasi tusimsahau. Lakini mapigo hayamrudishii kitu chake. Mtoto wa jirani anapochukuliwa, ni sisi tulioona. Tukinyamaza, mama yake atatembea usiku kucha. Tukipeleka habari mara moja, tumetimiza kile ambacho afisa wa Arizona hakukifanya. Mtoto anapozaliwa, ni sisi wazazi tunaopaswa kumwandikisha ndani ya siku 90. Siku atakapobishaniwa umri wake, karatasi ile itasema kwa niaba yake.

Tena kuna jambo linalotuuma kulisema. Wako wazazi, nao ni waumini wa parokia zetu, wanaompeleka mtoto mkaidi polisi wenyewe na kuomba alazwe humo siku mbili ili ajifunze. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Hao wanarudia alichofanya baba wa San Michele miaka 300 iliyopita, tena bila chumba cha pekee wala kazi wala mlezi. Mtoto huyo atajifunza kweli, lakini mwalimu wake atakuwa yule aliyelala naye. Samaki hukunjwa kwa mkono wa taratibu, na mkono mmoja haulei mwana: pana baba na mama wa ubatizo, pana jumuiya hai, pana viongozi wa vijana na tume ya haki na amani. Hao ndio wa kuitwa kwanza.

Watu wengi katika historia hii walikuwa na huruma, hata wale waliomkosea mtoto. Huruma ilipokosa sheria, ikawa mlango wa kumfungia mtoto bila kumsikiliza. Sheria nayo, isipopata mtu wa kufika mlangoni na kuitaja, inabaki maneno. Kumtembelea mfungwa ni tendo la huruma tulilofundishwa tangu katekisimu. Kwa mtoto aliyekamatwa, tendo hilo lina saa yake, nayo ni saa ya kwanza.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Je, katika mtaa wetu, mtoto akikamatwa leo, nani atamjulisha mzazi wake, na kwa njia gani?

2. Ni watoto wangapi wa jumuiya yetu wasio na cheti cha kuzaliwa, nasi tufanye nini ili wakipate?

3. Tumewahi kumhukumu kijana kabla ya kumsikiliza? Tutarekebishaje?