Uzi Kabla ya Sindano: Historia ya Ufumaji na Uchaguzi wa Nyuzi kati ya Mbarara na Makazi ya Nakivale

Utangulizi

Historia ya kazi za mikono katika makazi ya wakimbizi huandikwa zaidi kama historia ya mafunzo: nani alifundishwa, kwa muda gani na chini ya mradi upi. Malighafi husahaulika. Makala haya yanauangalia ufumaji wa sindano mbili kusini magharibi mwa Uganda kwa kuanzia kwenye uzi wenyewe. Hoja yake ni kwamba uchaguzi wa uzi ndio unaoamua iwapo ujuzi wa mfumaji utazaa kipato, na kwamba uchaguzi huo umebanwa na sheria, biashara na viwanda kwa zaidi ya miaka 60.

Makazi na mji

Makazi ya Nakivale yako katika Wilaya ya Isingiro, takriban kilomita 60 kutoka Mbarara. Yalianzishwa kuelekea mwaka 1960, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda, hasa Watutsi waliokimbia machafuko ya 1959. Sheria ya Uganda ya 1960 kuhusu wakimbizi ilikuwa sheria ya udhibiti: mkimbizi alipangiwa mahali pa kuishi, na kutoka kulihitaji kibali. Kwa hiyo maduka ya Mbarara yalikuwa karibu kwa mwendo lakini mbali kwa sheria.

Wengi wa Wanyarwanda hao walirudi kwao baada ya 1994. Nafasi yao ilichukuliwa na wakimbizi wapya kutoka Rwanda, kisha Wakongomani, Wasomali na Warundi, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za soko la makazi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ilibadili msingi wa mambo kwa kutambua haki ya kufanya kazi na uhuru wa kusafiri. Utafiti wa Kituo cha Masomo ya Wakimbizi cha Chuo Kikuu cha Oxford, uliochapishwa 2014, ulidhihirisha kwamba uchumi wa Nakivale umeungana na masoko ya nje ya makazi. Uzi ni mfano mwepesi wa muungano huo, kwa kuwa hakuna gramu yake inayozalishwa ndani ya makazi.

Njia ya uzi

Uganda imelima pamba ya biashara tangu 1903, na kiwanda cha Nytil cha Jinja kilianza kusokota na kufuma vitambaa katika miaka ya 1950. Hata hivyo, uzi wa kitanda cha mfumi si uzi wa sindano. Ule wa kwanza ni mwembamba na umekazwa kwa ajili ya kitambaa. Wa pili huhitaji unene, ulaini na mnyumbuko. Kondoo wengi wa Uganda nao ni wa nyama, wenye manyoya mafupi yasiyofaa kusokotwa. Hivyo ufumaji uliofundishwa katika shule za misheni na vilabu vya wanawake enzi za ukoloni ulitegemea uzi wa kununuliwa, uliopitia bandari ya Mombasa na kuishia katika maduka ya wafanyabiashara wa Kiasia.

Njia hiyo ilivunjika mara mbili. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na maduka yakapita mikononi mwa watu wasio na mahusiano na wauzaji wa jumla. Kisha, mwanzoni mwa 1979, mji wa Mbarara uliharibiwa vibaya katika vita vya Uganda na Tanzania. Bidhaa za viwandani ziliadimika, na magendo yakawa soko halisi. Mwaka 1982 Wanyarwanda wengi wa Ankole walifukuzwa makwao, na maelfu wakasukumwa katika makazi ya zamani, Nakivale yakiwamo.

Biashara ilipofufuka baada ya 1986, uzi uliotawala ulikuwa wa akriliki. Elimu ya msingi kwa wote iliyoanza 1997 iliongeza wanafunzi kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Kila shule yenye sare ikawa soko la sweta za rangi yake.

Hesabu ya mfumaji

Uchaguzi wa akriliki hautokani na ujinga wa sufu. Asubuhi za Nakivale ni za baridi na mchana ni wa jua kali. Maji huchotwa na kubebwa. Akriliki hufuliwa kwa maji ya kawaida, hukauka upesi na haijikunji. Sufu huhifadhi joto hata ikilowa, lakini husinyaa ikifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa. Pamba haimwashi mtoto mchanga, ila huwa nzito ikilowa na hulegea mabegani. Akriliki ina hatari yake: ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi, jambo la kuzingatia katika nyumba inayopikia kuni au makaa.

Kikwazo kikubwa zaidi ni rangi. Sweta ya mtoto wa darasa la pili humeza takriban gramu 250 za uzi. Mwenye mtaji hununua madonge yote kwa mara moja, yaliyotiwa rangi pamoja. Asiye na mtaji hununua donge moja, hufuma, kisha hutafuta jingine. Bluu ya pili hutofautiana kidogo na ya kwanza, na mstari huonekana kifuani. Wafumaji wazoefu hupunguza dosari hiyo kwa kupokezana mistari ya madonge mawili, lakini mbinu hiyo nayo hudai madonge mawili mkononi kwa wakati mmoja.

Njia ya tatu ni kufumua sweta za mivumba, kama mitumba inavyoitwa Uganda. Inayofaa ni ile ambayo vipande vyake vilifumwa kwa umbo lake. Iliyokatwa kwa mkasi na kushonwa kingo hutoa vipande vifupi tu. Nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana 2016 kuipunguza mitumba hadi kuikomesha, mjadala ulihusu ushindani na viwanda. Haukumhesabu mtu ambaye kwake nguo hiyo ni malighafi.

Hitimisho

Mgawo wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 Aprili 2020, na kufikia asilimia 40 Februari 2021. Tangu hapo miradi ya kujitegemea imebebeshwa mzigo mzito zaidi. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba kuongeza idadi ya wahitimu wa ufumaji bila kugusa upatikanaji wa uzi ni kuongeza washindani wa donge lile lile. Hatua tatu zinastahili kupimwa: ununuzi wa pamoja wa uzi kwa jumla mjini Mbarara, oda za shule zinazotolewa miezi kadhaa kabla ya muhula wa kwanza, na malipo ya awali yanayotosha uzi wa sweta nzima. Sheria ya 2006 ilifungua barabara ya kwenda Mbarara. Kilichobaki ni mfumaji kufika dukani akiwa na uwezo wa kuchagua.