Burma, Kariokor na Majina Ambayo Hatukuyasoma

Sisi wa Shauri Moyo nyama tunanunua Burma. Mgeni akiuliza soko la Nairobi lilipataje jina la nchi ya Asia, anajibiwa kwa mkato: hiyo ni ya wazee wa vita. Mwaka 1944 askari wa King's African Rifles walipigana na Wajapani kwenye misitu ya Burma, na waliorudi wakarudi na jina la huko. Ukipita Gikomba ukaendelea mbele unafika Kariokor. Hilo nalo ni jina la vita. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vile midomo yetu ililipokea.

Nimekulia katikati ya majina hayo mawili na sikuwahi kujiuliza chochote. Nilianza kujiuliza Januari 2016, nikiwa kidato cha pili, kwa sababu ya kosa nililofanya mwenyewe.

Ijumaa, Januari 15, alfajiri, Al-Shabaab walivamia kambi ya KDF kule El Adde, eneo la Gedo, Somalia. Kwa siku kadhaa mtaani tulikuwa tunaishi kwa uvumi. Kila kinyozi alikuwa na hesabu yake. Kisha usiku mmoja mtu akatupa picha kwenye grupu ya WhatsApp ya mbogi yetu: mwanajeshi wetu amelala mchangani, uso unaonekana wazi. Niliituma kwa grupu zingine mbili. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu nionekane nimepata habari kabla ya wengine.

Kwenye mstari wetu wa nyumba kulikuwa na mama ambaye kijana wake alikuwa huko Somalia. Kesho yake picha ikamfikia.

Hiyo ndiyo sababu siwezi kuandika makala ya kusema serikali ilikosea tu, basi. Wakati ule Waziri wa Usalama wa Ndani, marehemu Joseph Nkaissery, alionya kwamba anayesambaza picha za wanajeshi waliouawa atakamatwa. Wengi tulikasirika. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa anazungumza na watu kama mimi. Na Al-Shabaab kweli walikuwa wanatumia picha hizo kama silaha. Miezi michache baadaye walitoa video yao wenyewe ya shambulio hilo.

Shida ni kwamba onyo hilo halikuishia kwa sisi wa kutuma picha. Yassin Juma, mwanahabari aliyekuwa ameripoti vita vya Somalia kutoka huko huko, alikamatwa Januari hiyo hiyo kwa yale aliyoandika mtandaoni kuhusu El Adde. Kifungu kilichotumika ni cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile cha matumizi mabaya ya vifaa vya mawasiliano. Aprili 2016, kwenye kesi ya mtu mwingine kabisa, Mahakama Kuu ikakifuta kwa sababu kilikuwa kinakiuka katiba. Na mwaka mmoja kabla ya El Adde, Februari 2015, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imefuta vipengele vya sheria za usalama za 2014 vilivyobana vyombo vya habari. Yaani serikali ilishaambiwa mara mbili kwamba hofu ya picha mbaya haitoshi kunyamazisha habari yenyewe.

Tuliona majeneza machache yakifika uwanja wa Wilson, yamefunikwa bendera. Januari 27 kukawa na ibada ya kumbukumbu katika kambi ya Moi Barracks, Eldoret, na Rais Uhuru Kenyatta alikuwa na wenzake wa Nigeria na Somalia. Hotuba zilikuwa nzito. Idadi ya waliokufa haikutolewa. Mei mwaka huo CNN iliripoti kwamba ni 141. Fikiria hapo: mtu wa Shauri Moyo anaambiwa na kituo cha Marekani ni majirani wangapi hawatarudi nyumbani.

Nilipoanza kusoma historia, nikaona hii si tabia mpya. Ni ya zamani kuliko Kenya. Wapagazi wa Kariokor walibeba risasi, unga na majeruhi kwenye vita vya Waingereza na Wajerumani kuanzia 1914. Walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilikiri kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Huenda wakafika 350,000.

Nenda Kenyatta Avenue uwatazame wale watu watatu wa shaba. Maandishi ya chini yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, hadi kwa herufi za Kiarabu. Yanaahidi kwamba ukifa vitani, wanao watalikumbuka jina lako. Nimeizunguka sanamu hiyo pande zote. Hakuna jina hata moja.

Kwa hivyo swali la kama vyombo vya habari viripoti wanajeshi waliokufa wakirudishwa nyumbani, mimi naliona ni maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. Kuna maiti, na kuna kurudi. Picha ya maiti mchangani ni ya adui. Haimsaidii mtu yeyote. Jeneza linaposhushwa kwenye ndege, na jina linaposomwa, hayo ni ya familia na ya nchi iliyomtuma.

Wengine walishapitia mjadala huu. Marekani ilikataza picha za majeneza katika kambi ya Dover tangu 1991. Mwaka 2009 marufuku ikaondolewa kwa sharti moja: familia iulizwe kwanza. Ikikataa, kamera zinabaki nje. Uingereza nako, kati ya 2007 na 2011, watu wa mji mdogo wa Wootton Bassett walijipanga barabarani kila majeneza yalipopita kutoka uwanja wa ndege wa jeshi. Televisheni zikawafuata. Uingereza haikushindwa vita kwa sababu watu walisimama barabarani.

Na tusidanganyane, hata sisi tunajua kufanya hivi. Aprili 18, 2024, Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, alikufa kwenye ajali ya helikopta pamoja na wanajeshi wengine tisa. Majina ya wote kumi yalitolewa. Mazishi yake kule Siaya tuliyatazama moja kwa moja, na hakuna aliyesema usalama wa nchi umevuja. Kama jenerali anaweza kuagwa mbele ya kamera, sielewi kwa nini koplo afike kimya kimya.

Najua jibu la wakubwa: ajali si shambulio, na idadi kubwa humpa adui raha. Lakini adui aliyekuwa El Adde alishahesabu. Asiyejua ni mimi na wewe, tunaolipa kodi ya vita hivyo tangu Oktoba 2011, na tunaotakiwa kupiga kura kuhusu vita hivyo.

Mwaka jana nilienda kwa yule mama. Nilikuwa nimejipanga kuomba msamaha tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Kijana wake alikuwa miongoni mwa waliokufa. Mwili ulikuja baadaye, baada ya vipimo vya DNA, na wakamzika ushago. Nikamwambia, "Mathe, ile picha mimi ni mmoja wa walioituma."

Alinyamaza, akaendelea kuchambua mboga.

"Hakuwa yeye," akasema. "Niliikodolea macho usiku mzima, nikiangalia masikio. Hakuwa yeye."

Kisha akaniambia kitu ambacho sikutarajia. Siku mwili ulipofika hakuna aliyepiga picha. Yeye mwenyewe hakuwa na nguvu ya kushika simu. "Sina picha hata moja ya siku aliporudi. Niko na ile ya kwenu tu, ya mtoto wa mtu mwingine, hapa kichwani."

Nikamuuliza kama angekubali mwandishi wa habari aje siku ile. Akafikiri kidogo.

"Angekuja aniulize kwanza," akasema. "Ningemwambia aandike jina vizuri. Wengi hulikosea."

Akanitajia herufi moja moja, nikaandika kwenye simu. Hapa siliweki, kwa sababu sikumwomba ruhusa hiyo. Nitarudi kumuuliza.