Mafuta ya mandazi yaliyokwisha kutumika: yanaweza kuwasha grupu?

Kila mara barabara inapofungwa na bei ya mazuti inapanda huku Irumu, kuna mtu anauliza: mafuta ya mawese yanayobaki kwenye karai la mandazi, hatuwezi kuyatia kwenye grupu? Tunaweza, lakini si kuyamimina hivyo hivyo. Mafuta ya kupikia ni mazito kuliko mazuti. Moteri itawaka siku za kwanza, kisha masizi yanajaa ndani, na mawese yenyewe yanaganda usiku wa baridi. Lazima yageuzwe kwanza. Yakigeuzwa yanaitwa biodizeli.

Jambo hili si geni kwa Kongo. Tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hati ya uvumbuzi, nambari 422.877, kwa namna ya kubadilisha mafuta ya mimea yatumike kwenye moteri. Mwaka 1938 basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa mawese yaliyogeuzwa vile, na mwaka 1942 jarida la kilimo la Kongo ya Wabelgiji liliandika juu ya mawese kama mafuta ya moteri.

Kazi yenyewe iko hivi. Mafuta yanachujwa kwa kitambaa, halafu yanachemshwa mpaka maji yote yaishe, maana maji yakibaki utapata sabuni badala ya mazuti. Yanaondolewa motoni, yanapoa mpaka nyuzi 55 hivi. Hapo unatia metanoli ambayo imeyeyushwa soda kali, ileile ya watengeneza sabuni. Kwa lita 1 ya mafuta, metanoli ni mililita 200. Soda ni gramu 3,5 kama mafuta ni mapya. Yaliyokaangiwa sana yanadai soda zaidi, kwa hiyo fundi mwenye akili anajaribu lita moja kwanza kabla ya kuharibu bidoni nzima. Unakoroga saa nzima, unaacha yalale. Asubuhi, gliserini nyeusi-nyeusi iko chini, biodizeli iko juu. Unaitenga, unaiosha kwa maji polepole mara mbili tatu, unaikausha tena. Wavivu wanaruka kuosha, halafu wanashangaa filtre kuziba.

Sasa tuje kwenye shida. Metanoli ni alkoholi, lakini si ya kunywa: kidogo tu kinapofusha macho au kinaua. Mvuke wake ni sumu, unashika moto upesi, na mchana mwali wake karibu hauonekani. Kazi hii ifanyiwe nje, mbali na makaa, kwa glavu na miwani. Bidoni ya metanoli isilale kamwe nyumba moja na lotoko, hata siku moja, juu ya harufu mtu hatatofautisha. Wengine wanasema lotoko yenyewe inatosha kwa kazi. Haitoshi, ina maji mengi mno.

Tena, metanoli inatoka kiwandani na inafika huku kwa barabara ileile ya mazuti. Lita 100 za mafuta zinadai lita 20 za metanoli, na mwishoni unapata biodizeli karibu lita 100, mara nyingi pungufu. Kwa hiyo barabara ikifungwa, kazi nayo inasimama.

Na mafuta yenyewe yako wapi? Wamama wetu hawamwagi. Wanaongeza mapya juu ya ya zamani, na kinachobaki kinaenda kwenye sabuni, ambayo ina mnunuzi tayari. Kwa maoni yetu, anayetaka kujaribu akusanye Bunia, kwenye mahoteli na mikahawa, si hapa Nyankunde.

Aliyefaulu asitie biodizeli tupu kwenye moteri ya zamani. Lita 20 ndani ya mazuti lita 80 ni mwanzo mzuri. Inalegeza uchafu wa tangi, basi filtre ya akiba iwe karibu wiki za kwanza. Mipira ya zamani nayo iangaliwe, inaweza kulainika na kuvuja. Grupu ambayo mgonjwa anaingoja akiwa mezani pa upasuaji haifai kwa majaribio. Na kwa sababu biodizeli ya mawese inaanza kuganda karibu na nyuzi 15, asubuhi ya baridi moteri iwashwe kwanza kwa mazuti ya kawaida.