Punguza Kidogo: Historia Fupi ya Amplifaya na Masikio Yetu

Wadau, leo naomba tuongee historia kidogo, historia ya masikio.

Juzi jioni nimevuka na pantoni kutoka Magogoni kurudi nyumbani Kigamboni. Pembeni yangu kuna kijana kavaa hedifoni kubwa, waya umeingia kwenye kiamplifaya kidogo kama kiberiti, nacho kimeunganishwa na simu. Injini inanguruma, bodaboda zinapiga honi, lakini singeli yake naisikia neno kwa neno. Nikajiuliza, kama mimi wa pembeni nasikia hivi, ndani ya sikio lake kuna nini?

Sikumcheka. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano niliyorekodi na kuyaandika, na kuna usiku nimevua hedifoni nikabaki na mlio wa "nziii" hadi asubuhi. Ule mlio ndio umenifanya niandike.

Tuanze mbali. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja wa Utah, Nathaniel Baldwin, alilipelekea jeshi la majini la nchi yake hedifoni alizotengeneza jikoni kwake. Wakati ule watu walivaa hedifoni kwa sababu sauti ya simu ya upepo ilikuwa dhaifu mno, haikuweza kusukuma spika. Yaani hedifoni zilitumika kwa kukosa amplifaya! Amplifaya za valvu zilipoenea, spika zikapata nguvu na sauti ikatoka nje, ikakaa barazani na watu.

Hapa kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Miaka ya 1990 uswahilini kukawa na mchiriku: kinanda kidogo cha Casio, amplifaya chakavu, spika za honi, na mtaa mzima haulali. Makelele? Tena sana. Lakini yalikuwa na dawa yake, nayo ni jirani. Kuna mwenye mtoto mgonjwa, kuna anayeamkia zamu alfajiri. Atagonga mlango, atamwita mjumbe wa nyumba kumi, atasema "punguzeni jamani". Mwaka 2015 nchi ikatunga hata kanuni za kudhibiti kelele.

Sasa turudi kwenye hedifoni. Tarehe 1 Julai 1979 Sony walianza kuuza Walkman huko Japani. Ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya chungwa cha kushusha muziki ili waweze kusemezana. Waliotengeneza waliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia na muziki peke yake. Baadaye kitufe kile kiliondolewa. Kwa maoni yangu hapo ndipo jirani alipotoka. Amplifaya iliingia sikioni, na hakuna tena wa kugonga mlango.

Serikali zikajaribu kuwa jirani. Ufaransa mwaka 1996 iliwekea vicheza muziki vya mfukoni kikomo cha desibeli 100. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa wakatoa kiwango chao: mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, mtoto desibeli 75. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatika nusu. Kwa hiyo 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, na ukifika 98 umebakiwa na kama dakika 37 kwa wiki nzima!

Simu nyingi siku hizi hukuonya ukipandisha sana. Tatizo ni kwamba ukichomeka amplifaya, onyo lile halina maana tena, kwa sababu simu haijui huko mbele sauti imekuzwa kiasi gani. Chukua hedifoni inayotoa desibeli 100 kwa miliwati 1 tu. Nguvu ikiongezeka mara 10, sauti inaongezeka desibeli 10. Amplifaya yenye uwezo wa miliwati 100 inaweza kuifikisha 120. Hapo hatuhesabu saa tena.

Na sikio halina spea. Tunazaliwa na seli za kusikia kama 15,000 kila upande, zikifa hazioti tena.

Sisemi watu watupe amplifaya zao, maana zina utamu wake. Ila shusha kitufe hadi sifuri kabla ya kuvaa. Pandisha ukiwa chumbani kimya, taratibu, ukisikia vizuri acha, kisha weka alama ya kalamu hapo. Kwenye pantoni usivuke alama ile. Kama injini inaushinda muziki, vaa hedifoni zinazoziba kelele, au zima tu uangalie bahari, ni dakika chache tunafika. Ukisikia "nziii", pumzisha masikio, na usipoisha nenda kwa daktari.

Yule kijana nilimgusa bega tulipokaribia gati. Akavua. Nikamwambia, "Mdogo wangu, punguza kidogo." Akajibu, "Unasemaje bro?"

Ilibidi nirudie mara tatu.